Askofu Festo Kivengere na Somo la Upatanisho

Kusini ya mji wa Mbarara, katika Wilaya ya Isingiro nchini Uganda, kuna ziwa dogo liitwalo Nakivale. Kandokando ya ziwa hilo yameenea makazi ya wakimbizi ambayo ni miongoni mwa yale ya zamani kabisa katika bara la Afrika. Yalianza kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, na leo yanakaliwa na watu zaidi ya laki moja. Wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo. Wengi wao hawakufukuzwa makwao na njaa wala mafuriko. Walifukuzwa na binadamu wenzao, na mara nyingi na jirani zao, kwa sababu ya kabila au ukoo waliozaliwa nao.

Siku ya Jumapili wengi wa wakimbizi hao hukutana makanisani, na Kiswahili ndicho kinachowawezesha wengi wao kusikilizana. Humo anaweza kuketi mtu aliyechomewa nyumba, na benchi la pili akaketi mtu wa kabila la waliomchomea. Swali lililo mbele yao si la vitabuni. Je, Mkristo aliyedhulumiwa afanye nini? Asamehe na kunyamaza, au adai haki yake na kukataa kusamehe?

Katika upande huo huo wa kusini-magharibi ya Uganda alizaliwa mtu aliyelibeba swali hilo karibu maisha yake yote. Huyo ni hayati Askofu Festo Kivengere. Si watu wengi wa Afrika Mashariki waliojulikana duniani kwa mahubiri kama yeye, na inafaa maisha yake yasimuliwe tena kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kumsikia.

MTOTO WA WAFUGAJI

Festo Kivengere alizaliwa mwaka 1919 huko Rujumbura, katika nchi ya Kigezi. Jamaa zake walikuwa wafugaji, tena wa ukoo wa watawala wa Rujumbura. Kama watoto wote wa wafugaji, alianza kwa kuchunga ng'ombe. Wakati huo walimu wa dini walikuwa wamekwisha kufika sehemu hizo na kujenga vibanda vya udongo vilivyokuwa kanisa siku ya Jumapili na shule siku nyingine. Katika kibanda cha namna hiyo mtoto huyo alijifunza kusoma, kisha akaendelea na masomo na kuhitimu ualimu.

Yafaa msomaji aelewe hali ya watu wa nchi hiyo katika siku zile. Katika Ankole na sehemu za Kigezi, wafugaji waitwao Bahima walijihesabu kuwa bora kuliko wakulima waitwao Bairu. Huko Rwanda, Watutsi na Wahutu walikuwa wakitenganishwa hata katika vitambulisho vilivyotolewa na serikali ya Kibelgiji. Juu ya wote hao alikuwako Mzungu, ambaye hata alipokuwa mtu wa Mungu, aghalabu aliishi mbali na Waafrika, akala peke yake na kuamuru peke yake. Kijana Kivengere alikuwa wa tabaka la juu mbele ya Mwiru, na wa tabaka la chini mbele ya Mzungu. Alijua kudharau na kudharauliwa.

Alipokuwa mwalimu aliiacha dini na kuingia katika ulevi. Ndipo mwaka 1941, huko Rukungiri, alipoguswa na uamsho wa dini uliokuwa ukienea katika nchi hizo, akaokoka.

UAMSHO NA UKUTA WA RANGI

Uamsho huo wa Afrika Mashariki una historia yake. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe mjini Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari wa Kiingereza Joe Church walikutana wakasoma Biblia pamoja na kuomba. Katika miaka ya 1930, huko Gahini nchini Rwanda, moto ukawaka, ukavuka mipaka hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Nchini Uganda waliouingia waliitwa Balokole, maana yake waliookoka.

Jambo la ajabu katika uamsho huo halikuwa nyimbo wala machozi, bali kuungama hadharani na kurudisha haki ya mtu. Mwizi alirudisha mali. Mtumishi alimwendea bwana wake akasema alichoiba. Na Mzungu mmisionari alisimama mbele ya Waafrika akaungama kiburi chake na jinsi alivyowadharau. Katika mikutano hiyo Mwafrika alimwita Mzungu ndugu, naye Mzungu akakaripiwa na Mwafrika kama ndugu. Katika dola ya kikoloni lilikuwa jambo zito sana.

Kivengere naye alitakiwa kupita njia hiyo. Palikuwa na Mwingereza mmoja ambaye alimchukia kwa muda mrefu. Baada ya kuokoka, dhamiri ilimsumbua kwa ajili ya chuki hiyo. Alikuwa na sababu nyingi za kujitetea, kwa maana Waingereza ndio waliotawala, na Mwafrika ndiye aliyetawaliwa. Lakini alipanda baiskeli yake, akasafiri maili 50 katika barabara za milima, akabisha hodi mlangoni kwa Mzungu yule. Akamweleza kuwa alimchukia, na kwamba sasa amekuja kama ndugu. Wawili hao wakakumbatiana, na Mzungu akalia machozi.

Kisa hicho Askofu Kivengere alikisimulia mara nyingi katika maisha yake, na wako waliokisikia vibaya. Walidhani kinafundisha kuwa aliyeonewa ndiye aombe radhi. La, sivyo. Kivengere hakwenda kuungama makosa ya Mwingereza, wala kusema kwamba ukoloni ni haki. Alikwenda kutua mzigo wake mwenyewe. Alipokwisha kuutua, aliweza kumtazama Mzungu bila woga na bila kujipendekeza. Mtu wa namna hiyo hawezi tena kutawaliwa moyoni.

Mwaka 1943 alimwoa Mera, wakapata watoto wanne wa kike. Nyumbani pia somo lilikuwa hilo hilo. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi siku moja alivyogombana na mkewe, akataka kwenda zake kuhubiri, na dhamiri ikamzuia mpaka aliporudi na kumwomba mkewe msamaha.

MWALIMU WA DODOMA

Mwaka 1946 Kivengere na mkewe walihamia Dodoma, Tanganyika, akafundisha katika Shule ya Sekondari ya Alliance. Wamisionari waliokuwa huko walitoka hasa Australia. Siku zile watu walizoea kwamba mmisionari ni Mzungu aliyevuka bahari. Hapa palikuja Mwafrika kutoka nchi jirani, amevuka ziwa tu, kwa kazi ile ile. Alikaa Dodoma zaidi ya miaka kumi, na katikati ya miaka hiyo alikwenda London kusoma ualimu. Kiswahili chake kilikomaa Dodoma, na kwa Kiswahili hicho alisikika mbali.

Mwaka 1959 alialikwa kuhubiri Australia, nchi ambayo wakati huo ilikuwa bado na sheria za kuwazuia watu wasio Wazungu kuhamia humo. Mwaka uliofuata, Mmarekani Billy Graham alipozuru Afrika Mashariki, Kivengere alikuwa mkalimani wake mjini Moshi. Katika safari hiyo hiyo Graham hakwenda Afrika Kusini, kwa sababu huko mikutano ilitakiwa kutenganisha watu kwa rangi zao.

Baadaye Kivengere alisoma theolojia Pittsburgh, Marekani, katika miaka ambayo Wamarekani weusi walikuwa wakipigania haki zao. Mwaka 1967 akaingia katika daraja la ukasisi. Ndipo akaungana na Michael Cassidy, Mzungu wa Afrika Kusini, katika kazi ya kuhubiri Injili katika miji ya Afrika. Katika nchi ya Cassidy, sheria za makaburu zilikataza watu wawili kama hao kukaa mtaa mmoja au kulala hoteli moja. Kufanya kazi kwao pamoja, hata kabla hawajafungua midomo, kulikuwa ni kuipinga sheria hiyo.

MBARARA NA WAGENI WAKE

Tukirudi Ankole, mambo yalikuwa yakibadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Waanglikana wa Ankole na Kigezi walipata askofu wa kwanza Mwafrika, naye ni Kosiya Shalita, mtu wa asili ya Rwanda. Ndiyo miaka ile ambayo Wanyarwanda walikuwa wakimiminika kuvuka mpaka na kupelekwa Nakivale na makazi mengine. Mbarara iliwapokea wakimbizi, na kiti cha askofu kikakaliwa na mtu wa damu yao. Ungeweza kudhani kuwa tatizo la ugeni limekwisha. Halikwisha, kama tutakavyoona.

Agosti 1972 Rais Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia katika Uganda kwa muda wa siku 90. Watu wengi walishangilia, na wengine wakagawiana maduka. Sauti za viongozi wa dini zilizosikika hadharani kuwatetea wale waliofukuzwa zilikuwa chache mno. Desemba mwaka huo huo Kivengere aliwekwa kuwa Askofu wa Kigezi. Hakukaa sana kabla ya kujaribiwa. Februari 1973 watu watatu waliletwa katika uwanja wa mjini Kabale kupigwa risasi mbele ya maelfu ya watu walioamriwa kuja kutazama. Askofu aliomba ruhusa ya kusema nao. Alidhani atawakuta wamevunjika moyo, akawakuta wana amani, kwa maana walikuwa wametubu gerezani. Maneno yao yalitafsiriwa, na askari waliobeba bunduki wakayasikia. Tokea siku hiyo alifahamu kuwa mchungaji hawezi kuwaambia watu habari za mbinguni na kufumba macho yake mbele ya damu inayomwagika duniani.

BUSHENYI, JANUARI 1977

Tarehe 30 Januari 1977 watu wapatao elfu 30 walikusanyika Bushenyi, magharibi ya Mbarara, ili Yoramu Bamunoba awekwe kuwa askofu wa Ankole Magharibi. Mhubiri alikuwa Kivengere. Mbele yake waliketi maofisa wa serikali na wa usalama. Aliwaeleza kuwa maisha ya binadamu yana thamani kwa sababu Mungu ndiye aliyeyatoa, na akawauliza wakubwa waziwazi wameyatumiaje madaraka waliyopewa, kama si kwa kuwaponda watu.

Hakuna aliyekuwa na shaka juu ya maana ya mahubiri yale. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari, askari waliivamia nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum. Maaskofu wakaandika barua ya kulalamikia mauaji na dhuluma. Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala, wakasimamishwa hadharani juani mbele ya silaha zilizodaiwa kuwa ni zao. Kisha wakaambiwa waende nyumbani, isipokuwa Luwum.

Luwum alikuwa Mwacholi wa kaskazini, na katika miaka ile Waacholi na Walango walikuwa wakiuawa kwa sababu ya kabila lao. Kivengere alikuwa Muhima wa kusini-magharibi. Kwa hesabu ya siasa za Uganda, haikumpasa kumngojea. Lakini alikuwa miongoni mwa wale waliobaki nje wakimngojea Askofu Mkuu wao, mpaka askari walipowafukuza. Luwum hakurudi. Aliuawa siku hiyo, pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi.

Siku chache baadaye habari zilifika Kabale kuwa Kivengere ndiye anayetafutwa. Yeye na Mera walikwenda kwa gari mpaka chini ya milima, kisha wakapanda kwa miguu usiku kucha, na kulipopambazuka walikuwa wamevuka kuingia Rwanda. Askofu akawa mkimbizi kama Mnyarwanda wa Nakivale. Njia ya wakimbizi ilikuwa ni ile ile, ila yeye aliipita kwa upande wa pili.

KUMSAMEHE IDI AMIN

Ugenini, uchungu ulimwingia. Alimpoteza rafiki, nchi, na kundi alilokabidhiwa. Yeye mwenyewe alieleza kuwa chuki yake juu ya Amin ilianza kumla moyo. Siku ya Ijumaa Kuu, akiwa katika kanisa moja mjini London, alisikia ikisomwa habari ya Bwana Yesu akiwaombea msamaha waliomsulubisha. Akajiuliza kama Yesu angewatenga katika ombi lake watu kama Amin. Akaona kuwa hapana. Ndipo akaamua kusamehe, na mwaka 1977 akatoa kitabu ambacho jina lake, kwa Kiswahili, ni Nampenda Idi Amin.

Kitabu hicho kiliwashtua wengi. Mjane ambaye mumewe alitupwa mtoni angewezaje kukisoma bila kuona ametukanwa? Swali hilo ni la haki, nalo halipaswi kufichwa. Lakini yafaa tuutazame mwenendo wa mwandishi. Alisamehe, lakini hakunyamaza. Alizunguka nchi nyingi akieleza mauaji ya Uganda, akakusanya misaada kwa ajili ya Waganda waliotawanyika uhamishoni, hasa wanafunzi. Hakuwaambia walimwengu kuwa Amin hana hatia. Mtu asiye na hatia hahitaji kusamehewa. Kusamehe ni kulitaja kosa kwa jina lake kwanza, kisha kukataa kulilipa kwa kosa jingine.

VITA VILIPOKWISHA

Mwezi wa Februari 1979 majeshi ya Tanzania, yaliyokuwa yakimfukuza Amin baada ya uvamizi wa Kagera, yaliingia Mbarara, na majengo mengi ya mji huo yakabomolewa. Aprili mwaka huo Kampala ikaanguka. Kivengere akarudi nyumbani.

Alikuta nchi imejaa kisasi. Juni 1979, huko Kiziba katika Ankole Magharibi, Waislamu waliuawa na umati wa watu kwa sababu tu dini yao ilikuwa ya Amin. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1982, watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa katika mashamba yao katika Wilaya ya Mbarara. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakanyang'anywa. Makumi ya maelfu ya watu walikimbia, wengine kuelekea Rwanda, wengine kusukumwa Nakivale, mahali ambapo baadhi yao au wazazi wao walikwisha kuondoka miaka mingi nyuma. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa makanisa yale yale. Mji uliokuwa na askofu wa asili ya Rwanda uliona jamaa zake wakiswagwa kama mifugo.

Hapa ndipo tunapouona udhaifu wa upatanisho unaokomea kwenye ibada. Mtu anaweza kulia kanisani, akamkumbatia ndugu yake, na kesho akalitamani shamba lake. Uamsho uliwafundisha wengi kuungama wizi wa kuku, lakini haukuwafundisha wote kuungama wizi wa shamba la jirani asiye wa kabila lao. Kivengere mwenyewe aliendelea kusogeza mipaka mpaka mwisho. Mwaka 1983 aliwapa wanawake watatu daraja la ukasisi kabla Kanisa la Uganda halijakubaliana juu ya jambo hilo, kwa kuwa aliona msalaba umebomoa ukuta huo pia.

Aliugua saratani ya damu, akafariki dunia mjini Nairobi tarehe 18 Mei 1988, akazikwa Kabale. Miaka sita baadaye, mwaka 1994, Rwanda iliyouwasha moto wa uamsho iliingia katika mauaji ya kimbari, na watu wakauawa hata ndani ya makanisa walimokimbilia. Wako pia Wakristo waliowaficha jirani zao na kufa kwa ajili hiyo. Ubatizo ulikuwa mmoja. Kilichowatenganisha ni kile kila mmoja alichokuwa tayari kupoteza kwa ajili ya mtu asiye wa kabila lake.

SOMO KWETU

Ndugu msomaji, maisha ya Askofu Kivengere yanatuonyesha safari mbili. Ya kwanza ni ile ya baiskeli, ya maili 50, kwenda kwa mtu aliyemchukia. Ya pili ni ile ya mimbari ya Bushenyi, kwenda mbele ya wenye bunduki. Wapo watu wapendao safari ya kwanza tu, wakahubiri msamaha na kuogopa kutaja dhuluma. Wapo wapendao ya pili tu, wakataja dhuluma za wengine na kulea chuki zao wenyewe. Yeye alizifanya zote mbili, na kila moja iliipa nyingine nguvu. Aliweza kuwakemea watawala kwa sababu hakuwa akiwatafutia kisasi. Na msamaha wake uliaminika kwa sababu ulitolewa na mtu aliyekwisha kusema kweli na kuilipia.

Kule Nakivale, kando ya ziwa, wakimbizi wa mataifa mengi wanaendelea kuchota maji katika visima vile vile. Hakuna serikali wala shirika linaloweza kuwaamuru wapendane. Lakini yule anayeketi karibu na mtu wa kabila lililomfukuza hapaswi kuambiwa asahau. Yampasa asikilizwe, arudishiwe haki yake pale inapowezekana, na apewe nafasi ya kusamehe kwa hiari yake mwenyewe. Na yule mwingine, ambaye pengine hakuua mtu lakini alinyamaza, ndiye anayetakiwa kuichukua baiskeli yake.